Kuhama Dar na Familia: Upime Mji Mdogo kwa Siku Yake Mbaya

Saa kumi na moja na robo alfajiri basi la shule lilikuwa linapiga honi nje ya geti letu, Tabata. Mwanangu wa pili, wakati huo darasa la kwanza, nilikuwa namvalisha soksi akiwa bado usingizini. Jioni anarudi saa kumi na mbili, anakula, anasinzia juu ya daftari. Siku moja alishuka kwenye basi na alama ya zipu ya begi imejichora shavuni, maana begi ndilo lililokuwa mto wake njia nzima. Usiku ule mimi na mume wangu tulizungumza tena habari ya kuhama, na safari hiyo hatukuishia kuzungumza.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Naamini wazazi wengi miongoni mwao wameshawaza kama sisi. Nawaandikia hao.

Tulitafuta kwa mwaka mzima. Tulikwenda Lushoto, tukaenda Babati, tukaishia Mafinga, na huu ni mwaka wetu wa nne hapa. Kosa tulilokaribia kulifanya ni kuchagua mji kwa kumbukumbu ya likizo. Mji mdogo ukiufikia Desemba, mmepumzika, mmekula vizuri, watu wanawasalimia njiani, utaona kila kitu kinafaa. Lakini mkishahamia kuna usiku mtoto atachemka homa, kuna wiki maji hayatatoka, kuna mvua itafunga barabara, na kuna mwezi pesa haitaingia. Hatua zote ninazozieleza hapa zina kazi moja: kukuonyesha mji ukiwa katika siku yake mbaya, kabla hujafunga mizigo.

Hatua ya kwanza: andikeni kinachowalisha

Kabla ya kutaja jina la mji wowote, chukueni daftari muandike kila shilingi inayoingia nyumbani inatoka wapi, na kama itaendelea kuingia mkiwa mbali na Dar. Mtumishi wa umma asifungashe hata sahani kabla barua ya uhamisho haijatoka. Ahadi ya mdomo ya mkubwa wa kazi haijazi friji. Mfanyabiashara ajiulize kama wateja wake watamfuata kwa simu au watahamia duka la jirani. Anayefanya kazi kwa mtandao ana nafasi kubwa zaidi, ila naye mtandao ukikatika kazi imekatika.

Sisi tuliondoka na pato moja la uhakika, la mume wangu anayefanya hesabu za kampuni kwa kompyuta. Langu la ushonaji nililihesabu kuwa sifuri kwa miezi sita ya mwanzo. Ikawa kweli sifuri kwa mitano. Nashauri kila familia ihesabu hivyo: pato ambalo halina mkataba, liandike sifuri, kisha uone kama mnaweza kula na kulipa ada.

Hatua ya pili: punguza orodha ibaki miji mitatu

Nchi hii ina miji midogo mingi mizuri. Ukitaka kuichunguza yote, hutahama kamwe. Tumia vigezo vichache vya kuchuja, na vitokane na watu wa nyumbani kwako. Sisi tulikuwa na watoto watatu na mama mkwe mwenye presha na kisukari. Kwa hiyo tulitaka mji wenye hospitali ya ngazi ya wilaya, wenye shule ambayo watoto wataifikia kwa miguu, na ulio kwenye barabara ya lami yenye mabasi ya kila siku.

Lushoto iliingia kwenye orodha kwa ajili ya hewa. Iko juu kwenye Milima ya Usambara, matunda na mboga za kila namna, watu wapole. Babati iliingia kwa sababu ni makao makuu ya Mkoa wa Manyara, kwa hiyo huduma za mkoa ziko pale pale, na iko njia panda ya kwenda Arusha, Dodoma na Singida. Mafinga iliingia kwa sababu barabara kuu ya kwenda Mbeya inapita katikati, na Iringa iko umbali wa kilomita 80 hivi.

Wengine siku hizi wanaangalia reli. Tangu treni ya SGR ianze safari za Morogoro na Dodoma mwaka 2024, mtu mwenye kazi za hapa na pale Dar anaweza kufikiria mji ulio kwenye njia hiyo, kama Kilosa. Ni wazo zuri. Usilikamilishe kabla ya kusoma hatua ya tano.

Kuna pia Kibaha na Bagamoyo. Kwa maoni yangu anayehamia huko huku kazi na shule vimebaki katikati ya Dar, ameongeza tu urefu wa foleni yake.

Hatua ya tatu: nenda hospitali usiku

Hapa usiharakishe. Watu wengi wanapita nje ya hospitali mchana, wanaona jengo limepakwa rangi, wanaridhika. Wewe nenda saa tatu usiku. Kaa kwenye benchi la nje, salimia waliokaa, uliza wamefika saa ngapi na wamehudumiwa na nani. Mama aliyempakata mtoto anayelia atakueleza mengi kwa dakika kumi kuliko ripoti yoyote.

Kisha mchana rudi uulize kwa adabu maswali haya: Daktari analala hapa hapa au anapigiwa simu? Upasuaji wa dharura, kwa mfano wa mama aliyeshindwa kujifungua, unafanyika hapa? Oksijeni ipo wodi ya watoto? Damu ipo? Gari la wagonjwa likiwa safarini, lingine linatoka wapi? Na bima yenu inapokelewa, dawa zote au baadhi?

Halafu ujue mgonjwa akishindikana anapelekwa wapi, na barabara hiyo uipite mwenyewe. Kilomita 80 za Mafinga mpaka Iringa ukizitazama kwenye ramani ni kidogo. Ukizipita nyuma ya malori ya mbao yanayopanda taratibu, utajua kwa nini tulipanga nyumba upande wa mji ulio karibu na hospitali na si upande wenye mandhari. Miji mingine imebahatika kuwa karibu na hospitali kubwa za misheni zilizojenga jina kwa miaka mingi, kama Ndanda kwa watu wa Masasi, Peramiho kwa watu wa Songea, au Haydom kwa watu wa Mbulu. Ikiwa nyumbani kuna mzee au mtoto mwenye maradhi ya kudumu, jambo hilo peke yake linaweza kuamua.

Jambo la mwisho hapa ni malaria. Nyanda za juu zina malaria kidogo kuliko Pwani na Kanda ya Ziwa, na mzazi anafurahi kusikia hivyo. Furaha hiyo ina upande wake wa pili: mtoto aliyekulia kwenye baridi akienda Dar likizo, au Tanga kwa bibi, alale ndani ya chandarua kila siku. Akirudi na homa, mwambie mganga mlikuwa wapi, hata kama hakuuliza.

Hatua ya nne: shule, kwa macho na kwa matokeo

Baraza la Mitihani huweka matokeo ya kila shule kwenye tovuti yake. Yafungue. Usitazame mwaka mmoja, tazama mitatu au minne mfululizo ya darasa la nne na la saba, na kama una wa sekondari, kidato cha pili na cha nne. Unachotafuta ni shule isiyopanda na kushuka kama bembea. Tangu 2023 Baraza halitangazi tena shule kumi bora, kwa hiyo mtu akikwambia shule yake ni ya kumi bora kitaifa, muulize ni mwaka gani.

Ukishasoma matokeo, nenda ukasimame getini saa moja asubuhi na saa nane mchana. Watoto wanafika kwa miguu au kwa bodaboda wakiwa wamebanana watatu? Wanavuka barabara kuu? Kuna mtu anayewavusha? Vyoo vina maji? Hesabu watoto wa dawati moja. Uliza chakula cha mchana kinapikwaje na wazazi wanachanga nini, maana ada imefutwa kwenye shule za serikali lakini chakula, mlinzi na mitihani ya majaribio bado vinatafuta mchango wa mzazi.

Katika mji mmoja tuliouacha, shule ya binafsi tuliyoipenda ilituahidi basi la kumchukua mtoto mlangoni. Tulilipa fedha ya fomu. Tuliporudi bila taarifa wiki tatu baadaye, basi lilikuwa juu ya mawe, halina magurudumu, na majani yameota chini yake. Ndiyo sababu nasema rudi mara ya pili bila kupiga simu.

Panga muda wa kuhama kwa kalenda ya shule. Mwaka wa masomo unaanza Januari. Mtoto wa darasa la saba au kidato cha nne ameshasajiliwa kwa mtihani kwenye shule yake. Mwache amalize, hata ikibidi abaki kwa shangazi miezi michache. Kwa wa darasa la nne na kidato cha pili nao kuna mtihani wa taifa, hivyo usiwahamishe katikati ya mwaka. Wengine wahame likizo ya Desemba, na barua ya uhamisho iwe mkononi kabla gari la mizigo halijafika.

Na mjiandae kwa lugha. Darasani ni Kiswahili au Kiingereza, uwanjani ni lugha ya wenyeji. Binti yangu mkubwa aliwahi kurudi analia kwamba wenzake wakicheka hajui wanacheka nini. Jirani yetu, bibi mmoja wa Kihehe, akamfundisha kuitikia “kamwene” na maneno mengine ya salamu. Mwezi wa tatu ndiye alikuwa ananitafsiria mimi sokoni.

Hatua ya tano: kautazame mji kwenye msimu wake mbaya

Kila mji una msimu ambao wenyeji wake wanaulalamikia. Uliza ni upi, kisha ukate tiketi ya wakati huo huo.

Lushoto tulikwenda Aprili, masika yamekolea. Kutoka Mombo barabara inapanda milima kwa kona kali, upande mmoja mlima, upande mwingine bonde. Tulipopita Soni basi lilisimama. Udongo na mawe vilikuwa vimeteremka usiku na kufunika njia, vijana wanachimba kwa majembe, mvua inanyesha. Tulikaa saa nne. Mama mkwe hakulalamika, alikuwa anahesabu vidonge vyake kwenye kitambaa kuona kama vitatosha mpaka kesho. Nilipomwona anahesabu, nilijua Lushoto haitufai sisi, ingawa ningemshauri mtu mwingine asiye na mgonjwa aende bila wasiwasi. Ni mji mzuri.

Maji ya mvua yatazame kwa makini popote unapokwenda. Kilosa ilipata mafuriko makubwa Desemba 2009 na Januari 2010, yakang'oa hadi reli. Desemba 3, 2023, maporomoko ya tope na mawe kutoka Mlima Hanang yalishuka Katesh na kuua watu zaidi ya 80. Sisemi miji hiyo isikaliwe. Watu wanaishi na kufanya kazi humo. Nasema uulize mzee wa mtaa maji yalipita wapi mwaka ule wa mafuriko, na nyumba yako isiwe kwenye njia hiyo. Alama ya tope iliyobaki ukutani kwa jirani usiipuuze.

Mafinga msimu mbaya ni baridi, kuanzia Juni mpaka Agosti. Tulifika Julai. Asubuhi mvuke ulikuwa unatoka vinywani, watoto wa shule wamevuta mikono ndani ya sweta, mikono mitupu ya sweta inaning'inia. Mwenye nyumba ya wageni alikuwa anawasha jiko la mkaa uani, na alipoliingiza sebuleni alifungua madirisha mawili. Nikamuuliza kwa nini anafungua dirisha na baridi yote hii. Akaniambia, “Dada, huku mkaa unaua watu wamelala.” Ni kweli. Moshi wa mkaa usioonekana huua familia nzima kwenye chumba kilichofungwa. Anayehamia nyanda za juu kutoka joto la Dar hajui jambo hili, kwa sababu hajawahi kuhitaji moto chumbani. Nunueni mablanketi mazito, na mkaa usilale na mtu.

Hatua ya sita: maji, umeme, mtandao

Maji ulizia mambo mawili: yanatoka siku ngapi kwa wiki, na yana nini ndani. Hilo la pili watu hulisahau. Kaskazini na katikati ya nchi, hasa baadhi ya maeneo ya Arusha, Manyara, Kilimanjaro na Singida, maji ya ardhini yana floraidi nyingi. Ndiyo inayoacha meno yana rangi ya kahawia, na ikizidi sana kwa miaka mingi huharibu mifupa. Anayeathirika zaidi ni mtoto mdogo ambaye meno yake ya ukubwani bado yanajijenga ndani ya fizi. Kuchemsha hakusaidii, kwa sababu maji yanapungua na floraidi inabaki. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tulipokuwa tunaangalia nyumba Babati yenye kisima chake, mume wangu aliomba majibu ya vipimo vya maji ya kisima kile, na hakuna aliyekuwa nayo. Ukijikuta hapo, peleka chupa ya maji ikapimwe kabla ya kulipa kodi. Chanzo na chanzo hutofautiana, hata ndani ya mtaa mmoja.

Umeme na mtandao vipime ndani ya nyumba yenyewe, saa mbili usiku, wakati mtaa mzima uko kwenye simu. Jaribu laini tatu tofauti. Mnara ulioko kilima cha pili hauna faida kama chumba cha kazi kiko nyuma ya mlima.

Hatua ya saba: piga hesabu ya mwaka, siyo ya mwezi

Kodi ya nyumba itashuka, mboga zitashuka, na wengi wanaishia hapo wakishangilia. Endelea kuandika. Watu watano wakienda Dar mara nne kwa mwaka, kwenda na kurudi, ni tiketi 40. Weka misiba na harusi za ukoo, ambazo hazitahama pamoja nawe. Weka sweta, mablanketi, gesi inayokwisha upesi kwa kuchemsha maji ya kuoga kila siku. Weka bei ya vitu vya dukani, maana sabuni, mafuta ya kula na madaftari vimesafiri kutoka Dar kama wewe.

Sisi hesabu ilitoka na nafuu ndogo, ndogo kuliko tulivyotarajia. Kilichotutosha ni kwamba watoto watalala mpaka saa kumi na mbili na nusu.

Hatua ya nane: panga, usinunue

Kaa mwaka mzima ukiwa mpangaji. Nasisitiza mwaka mzima, ili misimu yote ikupitie. Utaambiwa viwanja vinapanda bei, dalali atakupigia kila Jumamosi, ndugu watakucheka kwamba umeacha nyumba ya kupanga kwenda nyumba ya kupanga. Vumilia. Sisi mwanzoni tulikipenda kiwanja kimoja kwenye kilima, chenye mipaina nyuma yake. Baada ya miezi saba tulijua malori yanayopanda pale usiku yanapiga breki za injini mpaka vyombo vinatetemeka kabatini.

Ukifika wakati wa kununua, tafuta kiwanja kilichopimwa, na ukahakikishe ofisi ya ardhi kwamba namba ile na jina lile vinalingana. Ikiwa ardhi ni ya kijiji, mauziano yapite kwenye halmashauri ya kijiji na siyo kwa mtu mmoja mwenye mhuri. Mwenzi wa muuzaji awepo na asaini. Majirani wa pande zote nne waitwe waonyeshe mipaka kwa miguu yao. Usilipe siku ile ile uliyokiona.

Hatua ya tisa: ingia kama mwenyeji

Chukua barua ya utambulisho kwa mtendaji wa mtaa unaoondoka. Chukua kadi za kliniki za watoto, zenye chanjo zote, na nakala za majibu ya hospitali ya mzee. Hivi viwe kwenye mkoba wako, visipande gari la mizigo.

Wiki ya kwanza nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, mjitambulishe mume na mke. Omba namba za dereva wa bajaji anayeaminika usiku. Mbili, si moja. Halafu ulizia utaratibu wa misiba: mnachanga kiasi gani, nani anaandika, wanawake wanapika wapi. Jirani yetu alifiwa siku ya tisa tangu tufike. Sikumjua hata jina. Nilichukua kisu na kanga ya pili, nikaenda kumenya viazi na wenzangu mpaka jioni. Miezi miwili baadaye presha ya mama mkwe ilipopanda saa nane usiku, nilipiga simu moja tu, na waliofika mlangoni walikuwa watu wanne, mmoja ameshawasha gari.